Ulianza utani wa tamthilia, sasa binti wa watu hatoki ndani

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo Chuno, hapa Mtwara mjini. Nina miaka 31 na watoto wawili. Naomba jina langu ulifiche, kwa sababu wanaohusika wote wananijua, na wengine watasoma barua hii wakiwa wamekaa kwenye kiti changu.

Saluni yangu ina televisheni. Miaka miwili iliyopita ilianza tamthilia moja ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, inaonyeshwa saa moja usiku, Jumatatu mpaka Ijumaa. Wateja wakawa hawataki kuondoka. Mtu amemaliza kusukwa saa kumi na moja jioni, anakaa mpaka sehemu ya siku hiyo iishe. Ambaye king'amuzi chake kimekatika anakuja kwangu. Nikaona nifungue grupu la WhatsApp tuwe tunajadiliana. Tulianza watu 14, sasa tumefika 163, wengine wako Masasi, Newala, Lindi, mpaka Dar es Salaam. Admini ni mimi.

Kwenye tamthilia hiyo kuna tajiri mwenye mke wa miaka mingi, halafu kuna msichana aliyeingia katikati ya ndoa yao. Hapo ndipo grupu lilipogawanyika. Wengi, mimi nikiwemo, tukawa Timu Mke Mkubwa. Wachache wakawa wanamtetea yule msichana. Katika hao wachache kulikuwa na binti mmoja wa Msangamkuu, nitamwita Z. Ana miaka 23. Alikuwa anavuka na kivuko kila asubuhi kuja kuuza vitumbua upande huu wa mjini. Z ndiye aliyekuwa anatuchangamsha. Mtu akikosa sehemu ya jana, yeye anamhadithia kwa sauti, dakika tatu nne, na kuigiza anaigiza, mpaka unaona kama umeangalia mwenyewe.

Siku moja mwezi wa saba aliandika kwamba yule msichana hana kosa, kwa sababu mwanamume ndiye aliyemdanganya kuwa hana mke. Watu wakamshukia. Mimi nikachukua picha yake ya profaili, nikaiunganisha na ya yule mwigizaji, nikatengeneza stika yenye maneno "Mwizi wa waume". Shangazi, nilicheka wakati naituma. Z naye alicheka, alirudisha vikaragosi vitatu vya kucheka.

Basi stika ile ikaanza kutembea. Kila Z akiandika, hata akisalimia tu, anatumiwa ile stika mara kumi, mara ishirini. Jina lake likafa, akawa anaitwa kwa jina la yule mhusika. Kisha mmoja akasema anamjua mume wa Z, kwamba ana mke mwingine Tandahimba, kwa hiyo si ajabu kuwatetea wenzake. Ni kweli Z ni mke wa pili. Ameolewa kwa ndoa halali na mke mwenzie anajua, lakini nani alikuwa na muda wa kusikiliza hayo? Zikatumwa sauti za matusi ambayo siwezi kuyaandika. Kuna aliyeitoa namba yake kwenye magrupu ya wanaume, wakawa wanampigia usiku. Mwezi uliopita mtu wa grupu letu alimrekodi akiwa kwenye kivuko, amesimama na ndoo yake ya vitumbua, watoto wanamwita kwa jina lile na watu wazima wanacheka. Kwenye video anaonekana akivuta khanga kujifunika uso. Video hiyo imefika mpaka Lindi.

Tangu hapo havuki, na grupuni ametoka. Wiki iliyopita mama yake alikuja saluni. Nilidhani atanitukana. Alikaa kwenye benchi, akangoja nimalize kichwa cha mteja, halafu akasema: "Mwanangu kila alfajiri anaamka anaosha ndoo yake, kisha anaifunika na kurudi kulala." Akaondoka.

Nimewaambia watu grupuni tuache. Nimejibiwa kwamba huu ni utani, huku kwetu Wamakonde, Wamakua na Wayao wametaniana tangu mababu, na mimi sasa nimejifanya mtakatifu. Wengine wamesema nikiendelea wataihama saluni. Shangazi, minada ya korosho imeanza, malipo yanaanza kuingia, na hii ndiyo miezi ninayopata ada ya watoto. Nilifunge grupu? Nimwombe radhi Z, au nitazidi kumuumiza? Na kosa hili ni langu, au ni la walioliendeleza?

Msusi wa Chuno, Mtwara

Marahaba mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana hayo mengine yote yanalitegemea. Kosa ni lako. Ni lao pia, na aliyeitoa namba ya mke wa mtu kwa wanaume asiowajua ana kosa kubwa kuliko lako, na aliyerekodi kivukoni ana la kwake. Lakini njiti ya kwanza ilitoka saluni kwako, na miezi yote hiyo wewe ndiye uliyekuwa na uwezo wa kumtoa mtu grupuni. Umeniandikia kwamba ulicheka wakati unaituma ile stika. Ungeweza kulificha hilo na nisingejua. Kwa kuwa hukulificha, nakujibu kama mtu ninayemwamini.

Hilo la utani limenikera, na sitalipita hivi hivi. Mimi ni mtu wa Lindi, nimekulia Mikumbi, nimeishi na watani tangu nikiwa mdogo. Mtani anakwambia neno ambalo ndugu yako wa tumbo moja hathubutu. Msibani anaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, na watu wanacheka katikati ya kilio. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyechota maji alfajiri, ndiye aliyeshika jembe, ndiye atakayebaki kupika wakati ninyi wafiwa mmekaa. Leo ananitania, kesho namtania yeye na anameza. Na akiona nimeumia kweli, ananyamaza. Sasa niambie, Z amemtania nani? Watu 160 wamemgeukia mmoja, yeye hana pa kurudishia, na alipofunika uso kwa khanga walizidisha. Hata kusutwa, ambako ni adhabu kali ya wanawake wa pwani, wanaokusuta wanakuja mlangoni kwako mchana, unawaona sura zao, unajua kosa lako, na ikiisha siku ile wanarudi makwao. Z anasutwa usiku na mchana kwa kosa la mtu ambaye hayupo duniani.

Jambo hili si geni kama mnavyodhani, na halikuja na simu. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati. Wenye umri wangu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu, aliyevumilia mpaka akaamua kumwacha na kuanza biashara yake ndogo. Mchezo ule ulitungwa kufundisha watu uzazi wa mpango na kujikinga na Ukimwi, na Mkwaju aliwekwa makusudi achukize. Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka kuolewa. Redio uani ilikuwa moja, ya mama mkwe, na wanawake wa nyumba nne walikusanyika kwenye mikeka kusikiliza. Mtaani petu palikuwa na dereva wa lori, mtu mpole kabisa, anasomba korosho kupeleka bandarini. Tukaanza kumwita Mkwaju. Yeye alicheka. Mkewe hakucheka, kwa sababu naye tulikwisha kumwita Tunu, na akipita na ndoo kichwani sisi tunaminyana tukimsubiri apite tuangue kicheko.

Siku moja mama mkwe alitukuta. Hakusema neno. Aliinua redio, akaifungua mgongoni, akatoa betri zote, akazifunga kwenye pindo la khanga yake. Akasema zitarudi siku mke wa dereva atakapokuja kukaa na sisi kwenye mkeka. Siku nane hatukusikiliza redio, tukawa hatujui mambo ya mchezo yamefikia wapi, na kila mtu alikuwa ananuna. Mwisho wa siku hizo mimi na mwenzangu mmoja tulikwenda kugonga mlango wa yule mama. Ilikuwa aibu ambayo naikumbuka mpaka leo, miguu inakuwa mizito. Alitusikiliza, hakutujibu, akafunga mlango. Siku iliyofuata alikuja na mkeka wake chini ya kwapa.

Tangu nilipopata barua yako nimekuwa najiuliza kwa nini tunafanya hivi, sisi watu tunaopenda hadithi. Nimefika hapa. Mhusika wa tamthilia humpati. Unamtukana leo mpaka koo linakauka, kesho saa moja usiku anatokea amependeza, nywele zimelala vizuri, hana habari kama wewe upo. Watunzi nao wanajua kazi yao. Wanaikata sehemu pale pale mlango unapofunguliwa, wanakuachia siku nzima ya kungoja na moyo umekujaa. Hasira ile haina pa kutua. Sasa akitokea mtu mwenye mwili, mwenye namba ya simu, mwenye ndoo ya vitumbua, akasema neno moja la kumtetea yule mnayemchukia, hasira yote ya mamia ya sehemu inamwangukia yeye. Huyu akitukanwa anasikia. Huyu akiumizwa anaonekana ameumia. Mlipata kwa Z kile ambacho yule mwigizaji wa Kituruki hawezi kuwapa.

Na angalia Z alikuwa amesema nini. Alisema mwanamume ndiye aliyedanganya. Katika watu 163 sijasikia kuna timu ya kumnanga mwanamume. Marekani waliwahi kuwa na tamthilia ya Breaking Bad, kuanzia 2008 hadi 2013, juu ya mwalimu wa kemia anayegeuka mpishi wa dawa za kulevya. Mume anaua, anadanganya, na watazamaji wengi wanamshangilia. Chuki yao wakaipeleka kwa mkewe, Skyler, kwa sababu alikuwa anamzuia. Mwigizaji wake, Anna Gunn, aliandika katika gazeti la New York Times Agosti 2013 kwamba chuki ile ilivuka kutoka kwa mhusika ikamfikia yeye mwenyewe, mpaka mtu mmoja akauliza mtandaoni atampata wapi Anna Gunn amuue. Alikuwa ameajiriwa kusoma maneno yaliyoandikwa na wengine. Basi.

Kuna habari nyingine ambayo nimesitasita kuiandika, lakini ile ndoo inayooshwa alfajiri imenilazimisha. Japani kulikuwa na kipindi cha televisheni, Terrace House, cha vijana wanaoishi nyumba moja huku wanarekodiwa. Mmoja wao alikuwa mwanamieleka, Hana Kimura, umri miaka 22. Mwenzake aliharibu vazi lake la mieleka kwenye mashine ya kufulia, yeye akapandwa na hasira, akaipiga kofia ya kijana yule ikamtoka kichwani. Watazamaji waliona hilo na matusi yakaanza kumiminika kwenye simu yake, siku baada ya siku. Tarehe 23 Mei 2020 alijitoa uhai. Kipindi kikafungwa. Mama yake, ambaye naye alikuwa mwanamieleka, alihangaika kudai sheria ibadilishwe, na mwaka 2022 Japani ikapandisha adhabu ya kumtusi mtu hadi kifungo cha mwaka mmoja. Wengi waliomwandikia yale maneno, naamini, walijiona mashabiki wanaojadili kipindi.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ni uhai na afya ya Z, kabla ya radhi yako na kabla ya grupu. Mwulize mama yake kwa upole: anakula? Analala? Amewahi kutamka kwamba amechoka kuishi? Kama amesema neno la namna hiyo, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali Ligula siku hiyo hiyo na daktari aelezwe wazi bila kuona haya.

Grupu usilifute leo. Najua mkono unakuwasha, lakini ukilifuta umefuta ushahidi, na ushahidi huo ni mali ya Z. Piga picha za skrini za matusi yote, namba na tarehe zionekane. Hifadhi zile sauti. Hifadhi video ya kivukoni na andika nani aliituma kwanza. Stika yako pia iwemo, usiiruke. Viweke vyote mahali pamoja, umkabidhi yeye.

Kisha vuka uende kwake. Usiende na wenzako watano, maana mkiingia wengi uani kwake atadhani mmekuja kumsuta. Nenda na mtu mzima mmoja, mama yako au somo wako, na simu ibaki ndani ya mkoba. Usibebe zawadi ya kumziba mdomo. Ukikaa, usianze na "tulikuwa tunatania". Anza na hili: "Ile stika niliitengeneza mimi." Halafu nyamaza umwache aseme, hata akisema vibaya, hata akikufukuza. Akikufungia mlango, mwambie mama yake ulichokuja kusema na urudi nyumbani. Kukusamehe si deni lake. Uliuliza kama kumwomba radhi kutamuumiza zaidi. Kutamuumiza ukiifanya radhi hiyo iwe tamasha, ukaiweka kwenye status na picha yenu mmekumbatiana.

Akikubali kuongea, mwulize anataka nini, usimpangie. Huenda anataka utamke grupuni kwa sauti yako. Huenda anataka jina lake lisitajwe tena popote. Huenda anataka kwenda polisi, na hapo umsaidie. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa moyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kituoni aulizie Dawati la Jinsia na Watoto, huko atasikilizwa na askari waliofundishwa mambo haya. Ukiitwa na wewe kwa sababu ya stika, nenda ukaeleze.

Grupuni, ukishahifadhi ushahidi, weka utaratibu wa admini peke yake kutuma ujumbe, kisha ongea. Ongea kwa mdomo wako, usiandike, wakusikie. Sema ulichofanya. Sema kwamba Z ni mke halali wa mtu na kwamba hata asingekuwa, isingekuwa kazi yenu. Aliyetoa namba na aliyerekodi watoe hapo hapo, bila mjadala. Waombe wengine waifute ile video kwenye simu zao na wakamwombe kila waliyemtumia aifute. Haitafutika yote, ujue hivyo, lakini itapungua mwendo. Ukiona watu wametulia, fungua tena na sharti moja: picha na jina la mwanagrupu havichanganywi na mhusika. Mchukieni yule msichana wa tamthilia mpaka mchoke, hiyo ndiyo raha ya hadithi. Na wale wanaoangalia sehemu za mbele kwa Kituruki wakaja kuwaharibia wenzao utamu, hao wakaripieni tu, hilo ni dogo.

Kuhusu wateja. Hofu yako ni ya kweli na siidharau, ada ya watoto haingoji. Wapo watakaohama, na huenda wakahama wenye hela msimu huu. Lakini fikiria kazi yako ilivyo. Mtu anakaa kitini kwako muda wa saa tatu, kichwa chake kiko mikononi mwako, hawezi kuondoka na nywele nusu. Akianza kumsema Z, una saa tatu za kumwambia ulichoniambia mimi, pamoja na habari ya ndoo. Sidhani kama kuna mtu mwingine Chuno aliyepewa nafasi hiyo. Na siku mbili tatu, ikifika saa moja usiku, izime televisheni. Wakikuuliza kwa nini, waeleze Z bado hajavuka.

Usingoje Jumamosi. Asubuhi watu wengi wanatoka Msangamkuu kuja mjini, kwa hiyo kivuko kinachokwenda upande ule hakina abiria wengi, hakuna atakayekuuliza unaenda kwa nani. Panda hicho, ufike kabla hajaifunika ndoo.